Rola za Hilda: Jean Alexander na mwanamke aliyepiga deki mbele ya taifa zima

Mwanamke aliyevaa nguo nyeusi ameketi mezani katika sebule yake ndogo. Ametoka kumzika mumewe, wageni wamekwisha kuondoka, na mbele yake kuna kifurushi cha karatasi ya kaki chenye vitu vya marehemu vilivyorudishwa kutoka hospitalini. Anakifungua taratibu. Ndani yake mna pajama, na mna mkebe wa miwani. Anaufungua mkebe, anaishika miwani, anaitazama, na hapo uso aliokuwa ameukaza tangu asubuhi unamshinda.

Hasemi neno.

Nilikiona kipande hicho kwenye simu ya mwenzangu wa zamu, ndani ya chumba cha vifaa vya usafi katika jengo la ofisi jijini Manchester, tukisubiri sakafu ya ukumbini ikauke. Mwenzangu huyo ni mama wa Salford anayekaribia kustaafu. Mwaka 1984, sehemu hiyo ya tamthilia iliporushwa hewani, alikuwa binti aliyeanza kazi karibuni, na anakumbuka kwamba mama yake mzazi, ambaye naye alikuwa msafishaji, alitoka chumbani kabla haijaisha kwa sababu hakutaka watoto wamwone akilia. "Huyu alikuwa wetu," aliniambia, kisha akairudisha simu mfukoni na kulishika dekio lake.

Mwanamke wa kwenye simu anaitwa Hilda Ogden, naye hajapata kuishi. Aliyeketi pale mezani ni Jean Alexander, mwigizaji wa Liverpool aliyembeba Hilda kwa miaka 23 katika Coronation Street, tamthilia ya mfululizo ambayo Waingereza wengi walio hai leo waliikuta ikiendelea.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimtafuta kila nipatapo nafasi: vipande vya zamani, mahojiano, tanzia zilizoandikwa magazetini alipofariki. Majuma yamepita na jambo moja limekataa kunitoka. Katika kipande kile cha miwani taifa lililia pamoja na mwanamke msafishaji. Katika vipande vingine karibu vyote, taifa lilikuwa likimcheka. Nilitaka kujua kilikuwa kicheko cha namna gani, kwa sababu mimi mwenyewe ninaishi kwa dekio, na najua kwamba mtu huweza kuchekwa akiwa ndani ya kundi na huweza kuchekwa akiwa amewekwa nje yake.

Wanawake wa kiwanda cha risasi

Alizaliwa tarehe 11 Oktoba 1926 katika mtaa wa Toxteth, Liverpool, akiitwa Jean Margaret Hodgkinson, binti wa fundi umeme. Kabla ya jukwaa aliajiriwa maktaba. Ni kazi ya utulivu, na nadhani utulivu huo hakuuacha kamwe, maana hata alipokuwa miongoni mwa nyuso zilizofahamika zaidi nchini mwake aliishi maisha ya faragha katika mji wa pwani wa Southport, hakuolewa, na hakuwapa waandishi wa udaku chochote cha kuuzia magazeti.

Mwaka 1949 alijiunga na kampuni ya maigizo ya Adelphi Guild huko Macclesfield, na baada ya hapo akapita katika majumba ya maigizo ya Oldham, Stockport na York. Kwa anayetaka kumwelewa, miaka hiyo ina maana kuliko tuzo zote zilizofuata. Kampuni za namna ile zilikuwa zikibadilisha mchezo kila baada ya juma moja au mawili: usiku mwigizaji anacheza mchezo wa juma hili, mchana anafanya mazoezi ya mchezo wa juma lijalo, na akirudi chumbani kwake anakariri maneno hadi usingizi umchukue. Msichana wa miaka ishirini na kitu alikuwa akipewa sehemu ya bibi kizee Jumatatu hii na sehemu ya mtumishi wa ndani Jumatatu ijayo, na pale palipopungukiwa watu alishona mavazi na kusimamia jukwaa pia. Hakukuwa na muda wa kungoja hisia zije zenyewe. Alilazimika kujifunza upesi mtu fulani husimama vipi, hushika nini mkononi, hutazama wapi anaposemeshwa na mkubwa wake.

Alipofika katika televisheni alikuwa fundi aliyekomaa ambaye hakuna aliyemjua. Mwaka 1962 alipata sehemu ndogo ndani ya Coronation Street, akiwa mama mwenye nyumba ya kupangisha. Mwezi Julai 1964 alirudi akiwa Hilda, mke wa Stan Ogden, wakazi wapya wa nyumba namba 13.

Na akaja na rola.

Wakati wa vita vya pili vya dunia, alipokuwa msichana Liverpool, aliwaona wanawake waliofanya kazi katika viwanda vya risasi. Walikuwa wakienda zamu wakiwa wamezisokota nywele kwa rola na kufunga kitambaa juu yake, ili jioni, endapo mtu atawaalika kwenye dansi, nywele ziwe tayari. Wengi wao hawakualikwa. Rola zilikaa kichwani kesho yake, na kesho kutwa. Jean Alexander alieleza mwenyewe kwamba Hilda alitoka kwa wanawake wale, na akawa akimwonyesha na rola zikichungulia mbele ya kitambaa, aproni ya maua kiunoni, na mara nyingi sigara pembeni ya mdomo.

Nimelitafakari jambo hili zaidi ya lingine lolote. Watazamaji wengi waliziona rola zile kuwa dalili ya uchakavu, mwanamke asiyejali sura yake hata akiwa mbele za watu. Lakini mwanamke yeyote aliyewahi kuketi saluni anajua kwamba rola hazivaliwi na mtu aliyekata tamaa. Anazivaa anayetazamia kutoka. Kwa miaka 23 Hilda Ogden alikuwa akijiandaa kwa jioni ambayo ilikuwa haijafika, na mwigizaji wake alilijua hilo kila alipozifunga, hata kama waliokuwa wakicheka hawakulijua.

Kicheko cha nani?

Coronation Street ilianza tarehe 9 Desemba 1960, ikitengenezwa na kampuni ya Granada hapa Manchester, na mji wake wa kubuni uitwao Weatherfield umefanana na Salford kwa matofali na kwa maneno. Enzi ya Hilda ilirushwa mara mbili kwa juma. Ogden na mkewe waliingizwa kuwa kaya ya chini kabisa katika mtaa wa watu wa chini. Stan alisafisha madirisha pale alipokosa kisingizio cha kutosafisha, na alipenda bia kuliko kazi. Hilda alipiga deki katika baa ya Rovers Return, mali iliyoendeshwa na Annie Walker, mwanamke aliyejiona malkia kwa sababu ana leseni ya kuuza pombe. Hilda alipenda umbea, alichungulia madirishani, alisoma bahati za watu katika majani ya chai yaliyobaki kikombeni, na aliimba wakati wa kufanya kazi kwa sauti ya juu iliyokuwa ikitafuta noti na kuipita.

Yote hayo yalichekesha, na yalikusudiwa kuchekesha.

Hapo ndipo mashaka yangu yalipoanzia. Katika ofisi moja niliyowahi kusafisha, ambayo sina sababu ya kuitaja, kulikuwa na sherehe ya mwisho wa mwaka ya kuvaa mavazi ya kuigiza. Kijana mmoja alikuja amefunga kitambaa kichwani, rola zikiwa zimepangwa mbele, aproni ya maua tumboni na ufagio mkononi. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mimi nilikuwa nyuma yao na toroli langu la vifaa, nikiwa na kitambaa changu kichwani, na hakuna aliyegeuka. Wakati ule sikujua kwamba kulikuwa na mtu maalumu aliyekuwa akiigizwa. Nilichojua ni kwamba kazi yangu imekuwa vazi la kuchekesha, na kwamba nililazimika kusubiri hadi waondoke ndipo nifagie makombo.

Kwa hiyo niliposoma kwamba Hilda Ogden alikuwa na chama chake cha mashabiki, na kwamba ndani yake walikuwamo Laurence Olivier, mwigizaji aliyehesabiwa kuwa mkubwa kuliko wote wa jukwaa la Kiingereza, na John Betjeman, mshairi wa taifa, pamoja na watangazaji Michael Parkinson na Russell Harty, sikufurahi moja kwa moja kama pengine nilivyopaswa. Niliona waungwana wenye vyeo wakimpenda mwanamke wa ndoo na dekio kutoka mbali, kwa usalama, kupitia kioo. Nilijiuliza ni wangapi kati yao waliyajua majina ya wanawake waliokuwa wakisafisha kumbi zao. Kura ya maoni ya mwaka 1982 ilimweka Hilda katika nafasi ya nne miongoni mwa wanawake waliotambulika zaidi Uingereza, nyuma ya mama yake Malkia, Malkia mwenyewe na Diana. Hata hilo nililisoma kwa moyo mzito. Msafishaji wa kubuni anafuatana na jamaa ya kifalme, ilhali msafishaji wa kweli anapita ukumbini na watu wanainua miguu bila kuinua macho.

Na sisi wenyewe si wasafi katika hili. Katika tamthilia zetu nyingi za nyumbani, dada wa kazi huletwa ama aonekane mshamba asiyejua kuwasha jiko la gesi, ama amnyemelee baba mwenye nyumba. Nimecheka mara nyingi, na mama zangu wadogo walikuwa madada wa kazi Dar es Salaam.

Milima ukutani

Kilichoanza kunigeuza ni kitu kidogo: ukuta wa sebule ya Hilda.

Juu ya ukuta huo kulikuwa na bata watatu wa kuning'iniza, wakiruka, mmoja wao kila mara akiwa amepinda. Mwaka 1976 rafiki yao Eddie Yeats aliwaletea picha kubwa ya milima yenye theluji, ya kubandikwa ukuta mzima, na bata wale wakatundikwa juu ya milima hiyo. Hilda aliipenda picha ile kwa fahari isiyofichika. Kila mgeni alilazimika kuisifu. Watazamaji walicheka kwa sababu kwa macho ya mtu aliyesoma ilikuwa kilele cha ushamba, bata wa plasta wakiruka juu ya milima ya karatasi katika nyumba yenye ukungu.

Nilikitazama kipande kimoja cha sebule hiyo mara kadhaa, sauti nikiwa nimeifunga, ili nimwone mwigizaji peke yake. Jean Alexander haigizi ushamba hata mara moja. Hatoi ishara yoyote ya kuwaambia watazamaji kwamba yeye anajua picha ni mbaya. Anaitazama milima ile kwa macho ya mwanamke ambaye dirisha lake la mbele linatazamana na mtaa wa matofali na la nyuma linatazamana na ua wenye pipa la taka, naye ameamua kwamba hataishi bila mandhari. Anasimama wima kidogo anapokuwa mbele yake, mabega yanarudi nyuma, na mikono, ambayo kwa kawaida haitulii kwa kufuta na kupanga, inatulia.

Iko tofauti kubwa kati ya mwigizaji anayemwonyesha maskini na mwigizaji anayeungana na watazamaji kumtazama maskini. Wa pili hukonyeza. Huacha ufa mdogo ndani ya uigizaji wake, ili wenye nafasi wamwone yeye mwenyewe akiwa upande wao. Nimeutafuta ufa huo kwa Jean Alexander na sijauona. Bibi huyu alikuwa msomaji, mtu wa maneno machache na wa bustani, asiyefanana na Hilda kwa lolote, na ingekuwa rahisi mno kwake kujitenga naye kwa nusu ya tabasamu. Hakufanya hivyo. Alimwacha Hilda awe mgomvi, mmbea, mwenye wivu, mwongo inapobidi, lakini hakumwacha peke yake.

Kijana wa ile sherehe ya ofisini alivaa rola. Hakuvaa milima.

Mume mwenye sauti ya mtangazaji

Stan aliigizwa na Bernard Youens, na hapa pana jambo ambalo lilinishangaza. Kabla ya kuwa Stan, Youens alikuwa mtangazaji wa Granada, mmoja wa wale wenye matamshi yaliyonyooshwa ambao kazi yao ilikuwa kutangaza vipindi vinavyofuata. Sauti ya Stan, nzito na ya uvivu, iliyovutwa kutoka chini ya bia, ilitengenezwa. Kwa hiyo nyumba namba 13 ilikuwa na mwanamke wa maktaba na mwanamume wa matangazo, wote wawili wakijishusha bila kudharau, na nadhani ndiyo maana ugomvi wao haukuchosha. Walikuwa wakisikilizana. Hilda anapomfokea Stan, Youens anaipokea kelele ile na kuiacha ipite juu ya kichwa chake, na Alexander anajua ni sekunde ngapi asubiri kabla ya kuongeza neno la mwisho.

Afya ya Youens iliporomoka polepole mbele ya macho ya wenzake. Alipigwa na kiharusi zaidi ya mara moja, na akakatwa mguu. Alifariki mwezi Agosti 1984. Wakati ule watengenezaji wa tamthilia walikuwa na njia mbili, kutafuta mtu mwingine wa kumwigiza Stan au kumzika Stan pamoja na aliyemwigiza, nao wakachagua ya pili. Mwezi Novemba mwaka ule ule Hilda akawa mjane.

Ninarudi katika kifurushi, kwa sababu sasa naweza kusema kinachonishika pale.

Katika msiba wote Hilda amejizuia. Amehudumia wageni, amepanga, amesema yanayosemwa. Kwetu tungempa matanga, mkeka wa kukalia, wanawake wa kumzunguka, na hakuna ambaye angemtaka ajikaze. Kule mtaani kwake mjane aliyejikaza ndiye aliyesifiwa. Kisha anabaki na vitu vya marehemu, ambavyo havina thamani yoyote sokoni. Miwani ndiyo inayomvunja, na sababu yake ni ya kikatili kwa wepesi wake: miwani ni kitu pekee katika kifurushi kile chenye umbo la uso wa mtu. Jean Alexander hafanyi haraka kulia. Mkono wake unaufunga mkebe nusu, unaufungua tena. Kilio kinapokuja ni kibaya, hakipendezi, pua na mdomo vinajikunja, na kamera haiondoki.

Alikuwa amefanya kazi bega kwa bega na Youens kwa miaka 20. Siwezi kuingia moyoni mwake na kusema alimlilia nani, ila najua kwamba watazamaji nao walikuwa wakijua kwamba mtu wa kweli amekufa, na kwa dakika ile mipaka yote iliyowatenganisha na msafishaji wa Weatherfield iliondoka. Mwaka 1985 Chama cha Kifalme cha Televisheni kilimpa tuzo ya uigizaji. Katika enzi ambayo wakosoaji waliziona tamthilia za mfululizo kuwa kazi ya daraja la chini, hilo halikuwa jambo dogo.

Hapo ndipo swali langu lilipopata jibu la kwanza. Watu hawawezi kumlilia kwa namna ile mtu waliyekuwa wakimcheka kwa dharau tu. Ilibidi kwa miaka 20 kitu kingine kiwe kimekuwa kikijengwa chini ya kicheko, tofali kwa tofali, na mjenzi wake alikuwa mwanamke aliyekataa kukonyeza.

Krismasi ya 1987

Mwaka 1987 Jean Alexander aliamua kuondoka. Alikuwa na miaka 61, Stan hayupo tena, na alitaka kufanya kazi nyingine angali na nguvu. Sehemu ya kumuaga ilirushwa siku ya Krismasi. Majirani wamekusanyika Rovers Return, baa ileile ambayo sakafu yake ameipiga deki maisha yake yote, na safari hii yeye ndiye mgeni wa heshima. Anawaimbia wimbo wa kuagana wa wakati wa vita. Hesabu iliyotangazwa inakaribia watazamaji milioni 27, katika nchi ambayo wakati ule haikuwa na watu zaidi ya milioni 57.

Mwaka uliofuata aliteuliwa kuwania tuzo ya BAFTA ya mwigizaji bora wa kike wa televisheni. Hakuishinda.

Mwenzangu wa Salford anaipenda sana sehemu ile ya Krismasi, na hapa tumebishana kwa dhati. Mimi inaniuma. Waandishi walimpa Hilda njia ya kuondokea: daktari mmoja, ambaye Hilda alikuwa akimsafishia nyumba, amefiwa na mkewe, anahamia kijijini Derbyshire, naye anamwomba Hilda aende akamtunzie nyumba. Kwa hiyo baada ya miaka yote ile ya ndoo na magoti sakafuni, zawadi waliyoweza kumfikiria ni nyumba nyingine ya mtu mwingine, yenye hewa safi. Mwenzangu anasema siielewi nchi yake. Anasema kwa mwanamke wa rika la mama yake, kuondoka mtaa wa moshi ukiwa na chumba chako, mshahara wa uhakika na bosi anayekuita kwa jina la heshima, kulikuwa kutoka kwelikweli. Tena, anasema, Hilda aliombwa. Hakutumwa.

Nimeichukua hoja hiyo nikaikalisha moyoni kwa muda. Inanisaidia kuuona uso wa Hilda anapoimba, kwa kuwa Jean Alexander hamwigizi kama mtu aliyeokolewa, wala kama mtu aliyeonewa. Anamwigiza akiwa mwanamke aliyealikwa jioni, hatimaye, na nywele zake zimetengenezwa. Hata hivyo bado nasema waandishi walikuwa na wigo mfupi kuliko mwigizaji wao. Yeye alikuwa ameshawaonyesha mwanamke mwenye haja ya milima, nao wakampa ufunguo wa stoo ya daktari.

Mwenye duka

Jambo lililonifurahisha kuliko yote nililikuta mwishoni.

Waigizaji wengi wa tamthilia za mfululizo, wakishatoka baada ya miaka mingi, hawapati tena sehemu ya maana, kwa sababu hakuna anayeweza kuwaona bila kumwona yule mtu wa zamani. Jean Alexander alitoka Krismasi ya 1987, na Krismasi ya 1988 alikuwa ndani ya Last of the Summer Wine, vichekesho vya BBC vilivyopigwa Holmfirth, Yorkshire, akiwa Shangazi Wainwright. Mwanzo alikuja kama mgeni, baadaye akawa wa kudumu, na akabaki hadi vichekesho hivyo vilipofika mwisho mwaka 2010, naye amekaribia miaka 84. Ukihesabu, alikaa na Wainwright karibu muda uleule aliokaa na Hilda, ingawa kati ya watu kumi wa hapa Manchester niliowasikia wakimtaja, karibu wote humtaja Hilda peke yake.

Shangazi Wainwright ana duka la vikorokoro. Ni bahili, ni mjanja, na hakuna aingiaye dukani kwake akatoka bila kununua kitu ambacho hakukihitaji. Wanaume wazima wanaogopa kupita mlangoni. Nimemtazama kwa makini, nikitafuta mabaki ya Hilda, na nimeona kwamba fundi yule wa Oldham na Stockport alibadilisha kila kitu kuanzia miguuni: Hilda hutembea mbiombio, mwili umeinama mbele kama anayetumwa, lakini Wainwright hasogei isipokuwa kwa lazima. Wateja ndio humfuata. Macho ya Hilda huzunguka yakitafuta habari za wengine. Ya Wainwright yamekwisha kukupima bei kabla hujasalimu.

Hakuna anayempa mwanamke huyu sakafu ya kupiga deki. Duka ni lake, bei ni yake, na mlango anaufunga yeye.

Jean Alexander alifariki Southport tarehe 14 Oktoba 2016, siku tatu baada ya kutimiza miaka 90. Tanzia nyingi zilifungua kwa rola na zikamaliza kwa miwani, na Wainwright akapewa aya moja katikati. Mimi ningempa zaidi, kwa kuwa ndiye anayethibitisha kwamba unyenyekevu wa Hilda haukuwa tabia ya aliyemwigiza wala kikomo chake. Ulikuwa kazi, iliyofanywa kwa makusudi mara mbili kwa juma, na mwanamke aliyejua pia jinsi ya kusimama nyuma ya kaunta yake mwenyewe na kumwambia mwanamume mzima kwamba bei haipungui.